Mwenye kuwekewa figo akishikwa na homa: juu ya nini muganga anaweza kupunguza dawa zake?

Kuwekewa figo ya mutu mwingine hakufanyike hapa Kasongo wala Kabambare. Mwenye uwezo anaenda mbali, kama vile India. Tanzania nayo inafanya operesheni hiyo ku Muhimbili, Dar es Salaam, tangu mwaka 2017. Kisha mugonjwa anarudi kwetu. Siku moja homa inamushika, jirani anasema ni palu, na mutu anakimbilia farmasi. Palu ipimwe, ndiyo, lakini isiishie hapo.

Mwili unajua kwamba figo ile si yake. Ili usiikatae, mugonjwa anameza kila siku dawa za kutuliza kinga ya mwili, kama takrolimu na mikofenolati. Walinzi wa mwili wakilala, virusi vinaamka. Vingi vilikuwa tayari ndani yake ao vilikuja pamoja na figo.

Kuna CMV, ambayo wengi wetu tuliipata utotoni bila kujua. Kwa mutu huyu inaleta homa, kuhara, na chembe nyeupe za damu zinapungua. CMV iko na dawa: gansikloviri kwa serumu, ao valgansikloviri ya kumeza, wiki mbili ao zaidi, mpaka damu ionyeshe kwamba virusi vimeisha.

BK ni ingine. Ilitangazwa mwaka 1971, kisha kuonekana katika mukojo wa mutu wa Sudani aliyewekewa figo London. BK ni herufi za majina yake. Hiyo haileti homa. Inakula figo polepole na mutu anajisikia muzima, ni vipimo tu vinavyoionyesha. Haina dawa yake ya hakika. Muganga anapunguza dawa za kutuliza kinga, ili mwili wenyewe upigane.

Hapo ndipo kazi ngumu. Akipunguza sana, mwili unakataa figo. Akipunguza kidogo mno, virusi vinashinda. Kwa hiyo mugonjwa asiache dawa yeye mwenyewe, hata siku moja. Apigie simu muganga anayemufuata, na muuguzi wa hapa aambiwe mara moja: niliwekewa figo.

Tena kuna chanjo. Zile zenye virusi hai, kama ya surua na ya homa ya manjano, hazipigwe kisha operesheni. Na sisi Wakongomani tukienda India tunaombwa karte ya homa ya manjano. Ipigwe mapema, angalau wiki nne mbele ya operesheni, muganga akikubali. Ya mpox inayoitwa MVA-BN ni tofauti: virusi vyake haviwezi kuongezeka mwilini, na mwenye kinga ndogo anaweza kuipata.