Moshi wa kibandani hula mapafu na faida pamoja

Mama mmoja mwenye kibanda cha kuuza chakula alikuja kliniki akilalamika kifua. Alikuwa amekohoa kwa muda wa miezi mitano. Macho yalikuwa mekundu na yenye machozi, na baada ya kupanda ngazi chache tu za kuingilia alisimama kwanza akahema ndipo akaweza kuzungumza. Alikuwa amekwisha kunywa chupa kadhaa za dawa ya kikohozi kutoka duka la dawa, bila nafuu. Sigara hakuwahi kuvuta maishani mwake.

Kwanza nilimpeleka kupimwa makohozi. Msomaji, kikohozi kikipita wiki mbili usikisingizie moshi wala baridi kabla hujapimwa kifua kikuu, ambacho dawa zake hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali. Majibu yakaonyesha hana ugonjwa huo. Ndipo nikamwuliza swali ambalo sisi madaktari husahau mara nyingi: "Mama, mchana kutwa unashinda wapi?"

Alishinda katika chumba cha mabati chenye mlango mmoja na kisicho na dirisha. Kuni zilikuwa chini ya sufuria kubwa ya githeri, na kando yake kulikuwa na jiko la bati la makaa kwa ajili ya chapati na chai. Kazi ilianza saa kumi na moja alfajiri. Ili moto ushike haraka alichoma karatasi za nailoni na vipande vya mpira wa gurudumu. Mtoto wake wa mwaka mmoja alilala kwenye kikapu pembeni.

Wengi wetu hudhani moshi ni kero ya macho tu. La hasha. Ndani yake mna chembechembe ndogo mno ambazo pua haiwezi kuzizuia. Huteremka hadi kwenye vifuko vya hewa vilivyo ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Baada ya miaka mingi njia za hewa huwa nyembamba na mtu huanza kupumua kwa shida kama mvutaji sigara wa siku nyingi. Moyo nao huumia. Kwa watoto walio chini ya miaka mitano, moshi huo huongeza hatari ya nimonia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kutokana na hewa chafu inayotoka kwenye mioto ya kupikia majumbani.

Nailoni na mpira ni balaa jingine. Zikichomwa hutoa sumu ambazo baadhi yake huweza kusababisha saratani. Wapo pia wanaofunika githeri kwa karatasi ya nailoni ili iive upesi. Huko ni kuchemsha plastiki pamoja na chakula cha wateja. Nunua mfuniko unaokaza. Na tusisahau kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 28, 2017, na adhabu yake si ndogo.

Nilipomwambia mama huyo abadilishe jiko, alinijibu kwa upole: "Daktari, nikianza kununua majiko mapya nitawalisha nini watoto?" Jibu hilo lilinifanya nichukue kalamu. Hesabu za biashara si kazi yangu, lakini hii haikuhitaji chuo kikuu.

Tuseme unatumia debe tatu za makaa kwa siku, na kila debe ni Sh100. Kwa siku 26 za kazi hizo ni Sh7,800. Jiko la bati tupu hupoteza joto jingi ubavuni. Ndiyo maana ukilikaribia linakuchoma miguu. Lile lenye udongo wa kufinyanga ndani hulizuia joto hilo na kulielekeza kwenye sufuria. Mafundi wetu walianza kulitengeneza miaka ya 1980, wakifuata mfano wa jiko la Thailand, na leo utalikuta Kamukunji na katika masoko mengi. Likiwa zima na likitumiwa vizuri, hupunguza makaa kwa theluthi moja au zaidi. Kwa hesabu yetu, theluthi moja ni debe moja kila siku, yaani Sh2,600 kwa mwezi. Hata kama jiko kubwa litakugharimu Sh4,000, fedha zako zitakuwa zimerudi kabla ya miezi miwili kwisha.

Waliokuwa na vibanda mwaka 2018 watakumbuka serikali ilipositisha ukataji miti katika misitu ya umma mwezi Februari. Bei ya makaa ilipanda, na aliyetumia debe mbili aliumia kidogo kuliko jirani yake aliyetumia tatu. Kutunza msitu kwa mfanyabiashara mdogo huanzia hapo, kwenye debe lile moja lisilonunuliwa.

Unaponunua, gonga udongo kwa kidole na uukague pande zote. Ukiwa na ufa, uache. Usizime moto kwa kumwagia maji jikoni, maana udongo utapasuka. Vumbi la makaa linalobaki chini ya gunia pia usilitupe. Likichanganywa na udongo kidogo na maji, likafinyangwa kama matonge na kuanikwa juani, huwaka polepole na hufaa sana kwa vitu vya kuchemka muda mrefu.

Maharagwe nayo yana siri yake. Yaloweke usiku kucha, umwage maji yale, kisha uyachemshe kwa nguvu kwa nusu saa. Baada ya hapo sufuria ikiwa bado inatokota, ifunike vizuri na uitie katika kikapu kikubwa kilichojazwa nguo au blanketi kuukuu pande zote. Yataendelea kuiva humo kwa saa kadhaa bila moto wowote. Lakini usifupishe ule mchemko wa kwanza: maharagwe mekundu yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara, na joto la kikapu peke yake haliiui. Kabla ya kumpakulia mteja, yarudishe motoni yachemke tena.

Mama yule hakufanya yote kwa siku moja. Alianza kwa kuacha nailoni na mpira, jambo lisilohitaji hata senti. Kisha fundi akamkatia dirisha upande wa pili wa mlango, ili hewa ipite, na akaacha nafasi chini ya paa. Sufuria ya githeri ikahamishiwa nje chini ya kipaa cha mabati. Jiko la udongo alilinunua mwezi uliofuata kwa fedha za chama. Mtoto akapelekwa kwa nyanya yake mchana. Aliporudi kwangu baada ya majuma kadhaa, kikohozi kilikuwa kimepungua sana, ingawa pumzi haijarudi kama zamani, na nilimweleza wazi kwamba huenda isirudi yote. Aliniambia pia kwamba wateja sasa hukaa na kuagiza chai ya pili. Zamani walikula haraka wakakimbia moshi.

Kuna onyo moja ambalo nisipolitoa nitakuwa nimekosea. Jiko la udongo halina moshi mwingi, lakini makaa yake hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Gesi hii huing'ang'ania damu kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200, na mtu husinzia asiamke. Miezi ya Juni na Julai, Nairobi inapokuwa na baridi, wapo wanaofunga kibanda jioni na kubeba jiko lenye makaa mekundu hadi chumbani ili kuota moto. Makaa hayo yaache nje, hata kama yamefunikwa jivu. Ukiamka na kichwa kinachouma, kichefuchefu na miguu isiyo na nguvu, na wenzako chumbani wako vivyo hivyo, fungueni mlango, mtoke nje nyote, na mwende hospitali usiku huo huo.