Vigaga Midomoni mwa Ngamia

Mkange si nchi ya ngamia. Kata hiyo ya Wilaya ya Chalinze, kwenye njia inayotoka Bagamoyo kwenda Mkwaja na Pangani, ni nchi ya ng'ombe, mbuzi na mbung'o, na mbung'o ndiye mwenye kauli ya mwisho. Ranchi ya Mkwaja ilifuga ng'ombe kwa kupambana naye tangu mwaka 1952, ikafungwa mwaka 2000, na ardhi yake sasa imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Ngamia hawana nguvu mbele ya maradhi ya mdudu huyo. David Livingstone alishusha ngamia huko Mikindani mwaka 1866, na safari ya kuelekea bara ikawamaliza: waliumwa na mbung'o, na watunzaji wao nao hawakuwaonea huruma. Ngamia waliozoeleka pwani hii ni wale wa Unguja, waliokuwa wakizunguka siku nzima kwenye vinu vya mafuta.

Hata hivyo, ngamia ana somo ambalo mfugaji wa Mkange angefaidika nalo. Mnyama akitokwa na vipele, kila aliye karibu huwa na jina la ugonjwa tayari mdomoni. Kwa ngamia majina hayo hukosewa kwa urahisi wa ajabu, kwa sababu virusi vya aina tatu tofauti hupenda mahali pamoja: midomo na pua za wanyama wadogo.

Cha kwanza ni kirusi cha ndui ya ngamia. Siku 9 hadi 13 baada ya kuambukizwa, mnyama hupata homa, tezi zake huvimba, kisha hutokwa na vipele vinavyogeuka malengelenge, malengelenge yakajaa usaha, na usaha ukakauka kuwa vigaga. Vinaanzia kichwani: midomo, pua, kope. Kwa mnyama mwenye bahati vinaishia hapo na kupona baada ya wiki nne hadi sita, na akishapona kinga yake hudumu maisha yote. Kwa asiye na bahati vinasambaa shingoni, miguuni, sehemu za siri, hata ndani ya kinywa na njia ya hewa. Wanaoumia zaidi ni wenye umri wa chini ya miaka minne, na msimu wa mvua ugonjwa huwa mkali zaidi. Jike mwenye mimba anaweza kuitupa.

Cha pili ni jamaa wa kirusi kinachowapa mbuzi na kondoo vidonda vya midomo, ugonjwa ambao wataalamu huuita orfu. Huu huwapata hasa nirigi, yaani ndama wa ngamia, wa mwaka wa kwanza. Miiba ya migunga hukwaruza midomo, na kirusi hupita kwenye mikwaruzo hiyo. Uso huvimba, vigaga vinene vinajipanga kuzunguka mdomo, na nirigi anashindwa kunyonya. Wengi wanaokufa huuawa na njaa au na bakteria waliovamia vidonda baadaye. Kirusi chenyewe mara nyingi hakina haja ya kuua.

Cha tatu ni cha chunjua. Vinyama hivi huota kama koliflawa midomoni na puani, bila homa, na mara nyingi huondoka vyenyewe. Mwaka 2011 watafiti walitangaza virusi viwili vya chunjua vya ngamia, vilivyopatikana kwa wanyama wa Sudani. Katika kundi hilohilo huongezeka upele unaoletwa na utitiri, pamoja na choa linaloletwa na ukungu, na wala haya mawili si magonjwa ya virusi. Vikishakauka na kuingiwa na vumbi na nzi, vyote vinafanana.

Wakati fulani mfanano huo uliwatia hofu watu wa afya ya binadamu. Mapema miaka ya 1970 virusi vilivyotolewa kwa ngamia wa Irani vilipofika maabara, tabia zake zilikuwa karibu sana na za ndui ya binadamu. Ikaja Oktoba 1977, ambapo Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida. Nchi hiyo ilikuwa imejaa ngamia, na ngamia hao walikuwa na ndui yao. Je, kirusi hicho kingeweza kuhamia kwa watu, na kazi yote ya chanjo ikaenda na maji? Mwaka 1978 na 1979 wachunguzi waliwafuata wachungaji waliowanywesha, kuwakamua na kulala karibu na ngamia wagonjwa, wengi wao wakiwa hawajachanjwa. Hawakupata mlipuko. Walichokuta ni mtu mmoja tu wa kutiliwa shaka. Leo vinasaba vimeonyesha kwamba kirusi cha ndui ya ngamia ni miongoni mwa jamaa wa karibu kabisa wa kirusi cha ndui ya binadamu, na bado hicho cha ngamia humgusa mtu kwa nadra sana. Mwaka 2009 kaskazini magharibi mwa India wachungaji watatu walithibitishwa kuwa nacho, vidonda vikiwa mikononi na vidoleni. Orfu ndiyo inayompata binadamu mara kwa mara. Kwa hiyo glavu ni lazima kabla ya mtu kushika mdomo wa mnyama wa namna hii, hata kabla ya kujulikana ni ugonjwa gani.

Na unajulikanaje? Hatua ya kwanza ni historia ya kundi, na hapo mfugaji anajua mengi kuliko daktari. Wagonjwa wana umri gani? Homa ilikuwapo? Vidonda viko usoni tu au vimeshuka mwilini? Mbuzi wa boma hilohilo wana midomo mibovu? Wafugaji wa Kisomali wana jina lao la ndui ya ngamia, furuq, na hawamchanganyi mnyama aliyewahi kuugua na ambaye bado. Majibu hayo hupunguza orodha ya washukiwa. Hayaifungi kesi.

Kesi hufungwa na kigaga kilichotunzwa vizuri. Vipele vichanga na vigaga huchukuliwa kutoka kwa wanyama kadhaa, pamoja na kinofu cha ngozi ikiwezekana, vikawekwa kwenye chupa safi na kusafirishwa kwenye baridi. Damu ina faida siku za mwanzo za homa, wakati kirusi bado kinazunguka mwilini. Kosa la kawaida, nalo linaudhi kwa sababu limefanywa kwa nia njema, ni kutumbukiza kila kitu kwenye fomalini. Fomalini inafaa kwa kinofu kitakachokatwa na kutazamwa kwa hadubini, lakini inaua kirusi ambacho maabara ingetaka kukiotesha.

Huko maabara hadubini ya elektroni hutenganisha haraka: kirusi cha ndui kina umbo la tofali, cha orfu ni cha mviringo mrefu kilichozungushiwa nyuzi kama kibonge cha sufu, na cha chunjua ni kidogo mno kando yao. Ila hadubini hiyo haiwezi kutofautisha ndui ya ngamia na ndui nyingine za ukoo huo, kwa kuwa zote ni matofali. Hapo ndipo kipimo cha PCR, ambacho watu wengi walikizoea wakati wa Uviko, kinapotoa jina kamili kwa kusoma vinasaba. Kingamwili kwenye damu nazo hupimwa, lakini kipimo kimoja huonyesha tu kwamba mnyama aliwahi kukutana na kirusi. Ili kujua kama ni sasa, hupimwa tena baada ya wiki mbili au zaidi, kuona kama zimepanda.

Kenya ilifika huko mapema. Watafiti wa Kabete walitoa kirusi cha ndui kwa ngamia na kukieleza mwaka 1975, na katika miaka ya 1990 mtafiti Gitao aliandika kuhusu milipuko ya orfu kwa ngamia wa Turkana, halafu kuhusu ndui katika maeneo makuu ya ufugaji wa ngamia nchini humo. Magonjwa mawili, nchi moja kavu, midomo ileile.

Sasa arudi mtu wa Mkange na ng'ombe wake. Ugonjwa wa mapele ngozi ulipoonekana mara ya kwanza Zambia mwaka 1929, ulidhaniwa ni sumu ya majani au mzio wa kuumwa na wadudu. Ilipita zaidi ya miaka 10 kabla haijakubalika kwamba unaambukiza. Wadudu wanahusika kweli, lakini kama wabebaji: nzi wanaouma, mbu na kupe. Uvimbe wake ni mgumu, wa sentimita 2 hadi 5, na hupenya unene wote wa ngozi. Kuna kirusi kingine cha ng'ombe, cha ukoo wa herpesi, kinacholeta mapele yanayofanana nao lakini ya juujuu, yanayopona haraka. Afisa mifugo akituma sampuli kwa Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, wenye makao makuu Temeke, anauliza swali lilelile la mchungaji wa Turkana.

Jibu lina bei yake, kwa sababu chanjo ya ndui ya ngamia haizuii orfu, na chanjo ya mapele ngozi haina kazi kwa kirusi cha herpesi. Maabara zenyewe zimewahi kuteleza. Kwa miongo kadhaa kirusi kilichotolewa kwa kondoo wa Kenya, kiitwacho KS-1, kilitengenezewa chanjo kwa jina la ndui ya kondoo na mbuzi. Kilipokuja kusomwa vinasaba vyake, kikaonekana kuwa ni kirusi cha mapele ngozi ya ng'ombe.