Lita Moja ya Petroli na Neno Moja la Dubai

Dereva wa bodaboda akisimama sheli na kutia lita moja ya petroli, ameongeza mzigo wa takribani robo tatu ya kilo kwenye tangi. Lita hiyo ikishaungua yote, bomba la moshi linakuwa limetoa kilo 2.3 za hewa ukaa. Msomaji atasema hesabu imekosewa, maana iweje moshi uwe mzito mara tatu ya mafuta yaliyouzaa? Haijakosewa. Petroli imejaa kaboni, na kila atomu ya kaboni inapoungua hudaka atomu mbili za oksijeni kutoka hewani. Ukiipa kaboni uzito wa 12, oksijeni mbili zina 32, na kinachotoka bombani kina 44. Mafuta tunayalipia hadi tone la mwisho, lakini takataka yake, iliyo nzito kuliko mafuta yenyewe, tunaiachia anga bure.

Hesabu hii ya darasani inaeleza kwa nini mawaziri na mabalozi wa karibu nchi 200 walikesha Dubai, Desemba 2023, wakivutana juu ya jambo linaloonekana dogo: je, maazimio yao yaseme dunia ipunguze mafuta, au yaseme ipunguze moshi?

Mkutano huo wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, COP28, uliongozwa na Sultan Al Jaber, ambaye wakati huohuo alikuwa mkuu wa ADNOC, kampuni ya mafuta ya taifa ya Abu Dhabi. Muungano wa asasi za kiraia uliopekua orodha ya washiriki ulihesabu watu 2,456 waliokuja kutetea maslahi ya makaa ya mawe, mafuta na gesi. Miaka miwili nyuma, kwenye mkutano kama huo mjini Glasgow, walikuwa 503. Wale wa Dubai walizidi kwa idadi wajumbe wote kwa pamoja wa nchi kumi zinazoumizwa zaidi na mabadiliko ya tabianchi. Baadhi yao waliingia kupitia vyama vya wafanyabiashara, wengine wakiwa na beji za ujumbe wa serikali, beji zinazofungua milango ya vyumba ambamo mwandishi wa habari au mwanaharakati haruhusiwi kukanyaga.

Katikati ya mkutano, Haitham Al Ghais, Katibu Mkuu wa OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta nje, aliwaandikia barua wanachama wake. Aliwasihi wakatae maandishi yoyote yatakayolenga nishati yenyewe badala ya kulenga utoaji wa gesi. Barua ilivuja, na ugomvi wote ukawa wazi kwa yeyote aliyetaka kuuona. Azimio likisema "punguzeni moshi", muuzaji anaendelea kuuza, mradi aahidi kwamba moshi utakamatwa. Likisema "punguzeni mafuta", biashara ndiyo inayopungua. Kwa hiyo hoja yote ya wauzaji imeegemea mtambo mmoja, ule unaokamata moshi. Ni haki tuutazame kwa makini.

Mtambo huo si uzushi. Moshi wa kiwanda huingizwa chini ya mnara mrefu, na kutoka juu hunyunyiziwa maji yenye kemikali ziitwazo amini. Amini huishika hewa ukaa na kuacha gesi nyingine zipite. Maji hayo yakipelekwa mnara wa pili na kupashwa joto hadi karibu nyuzi 120 za Selsiasi, huiachia hewa ukaa ikiwa safi, nayo hugandamizwa na kusukumwa ndani ya miamba iliyo mbali chini ya ardhi. Norway wamekuwa wakiizika gesi ya namna hii chini ya Bahari ya Kaskazini, mahali paitwapo Sleipner, tangu 1996.

Ugumu uko kwenye uzito. Kila hatua ya kazi hiyo hula nishati, kwa sababu amini lazima ichemshwe na gesi lazima igandamizwe, hivyo kinu cha umeme hulazimika kuchoma mafuta zaidi ili kuzoa takataka yake mwenyewe. Kinu cha makaa ya mawe cha Boundary Dam, Kanada, kilifungiwa mtambo wa kibiashara wa aina hii mwaka 2014 kwa lengo la kukamata tani milioni 1 kila mwaka, na katika miaka mingi kimebaki chini ya lengo hilo. Dunia nzima hukamata takribani tani milioni 50 kwa mwaka, huku nishati ikitoa tani zipatazo bilioni 37. Maana yake, katika kila kilo 1,000 za hewa ukaa, mitambo yote iliyopo inashika kilo moja na kitu. Na sehemu kubwa ya hiyo inayoshikwa husukumwa kwenye visima vikongwe ili kuyatoa mafuta yaliyobaki chini.

Rudi sasa kwa yule wa bodaboda. Hakuna mnara wa amini unaoweza kufungwa kwenye bomba la pikipiki. Na kwa kuwa moshi ni mzito kuliko mafuta, mtu anayeahidi kuukamata wote anaahidi kujenga mabomba, meli na visima vya kubeba mzigo mkubwa kuliko ule unaobebwa na sekta nzima ya mafuta. Kwa viwanda vya saruji, ambako hewa ukaa hutoka ndani ya mawe ya chokaa yenyewe, mtambo huo una kazi ya kweli. Kuufanya kibali cha kuendelea kuchoma petroli ni jambo jingine kabisa.

Wauzaji wenyewe hesabu hii waliijua mapema. Mwaka 1977 mwanasayansi James Black aliwaeleza wakuu wa kampuni ya mafuta ya Exxon kwamba kuchoma mafuta kunaipasha dunia joto. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2023 ulipima makadirio ya ndani ya kampuni hiyo na kukuta mengi yalilenga sawasawa joto lililokuja baadaye. Hata hivyo, mwaka 1989 kampuni kubwa za mafuta, makaa na magari ziliunda umoja ulioitwa Global Climate Coalition, uliotumia zaidi ya miaka kumi kupanda mbegu ya shaka. Shaka lilipochakaa, ahadi ya mtambo ikashika zamu.

Wakati ahadi hiyo ikingojwa, kuna uvumbuzi mwingine uliokua bila makelele. Mwaka 1954 maabara za Bell, Marekani, zilionyesha kipande cha silikoni kilichogeuza asilimia 6 hivi ya mwanga wa jua kuwa umeme. Kilikuwa ghali mno, kikafaa vyombo vya angani tu. Lakini paneli ni bidhaa ya kiwandani, na uzoefu umeonyesha kwamba kila jumla ya paneli zilizotengenezwa duniani inapoongezeka maradufu, bei hushuka kwa karibu moja ya tano. Kati ya 2010 na 2023 gharama ya umeme wa mitambo mikubwa ya jua ilipungua kwa asilimia 90. Betri nazo zikafuata mkondo huohuo.

Hapa fizikia imesimama upande wa mnyonge. Injini ya petroli hupoteza zaidi ya theluthi mbili za nishati yake kama joto. Mota ya umeme hupeleka zaidi ya asilimia 80 kwenye gurudumu. Ndiyo maana Kigali, tangu 2019, wapo madereva wa pikipiki wanaosimama kituoni kwa dakika chache, wakaacha betri iliyokwisha, wakachukua iliyojaa na kuendelea na abiria. Hapo hakuna moshi wa kukamata.

Alfajiri ya 13 Desemba makubaliano yalifikiwa Dubai, na asubuhi hiyo Al Jaber aligonga nyundo. Nchi zilikubali kuhama kutoka nishati za kisukuku katika mifumo yao ya nishati, na kuongeza uwezo wa nishati jadidifu mara tatu ifikapo 2030. Ilikuwa mara ya kwanza, baada ya karibu miaka 30 ya mikutano, nishati za kisukuku zote kutajwa kwa jina. Lakini maandishi hayohayo yaliacha mlango kwa ukamataji wa hewa ukaa na kwa "mafuta ya mpito", neno ambalo wauzaji wa gesi walilipokea kwa mikono miwili. Anne Rasmussen wa Samoa, aliyeongoza mazungumzo kwa niaba ya visiwa vidogo, alisimama na kueleza kwamba nyundo ilipogongwa wao hawakuwa hata ukumbini.

Jambo moja la utaratibu huwapita wengi. Mikutano hii haipigi kura. Kanuni ya kupiga kura haijawahi kupitishwa tangu miaka ya 1990, kwa pingamizi la wauzaji wa mafuta, hivyo kila neno lazima likubaliwe na wote. Kwa utaratibu huo mshawishi hana haja ya kuzigeuza nchi 190. Akizipata chache zilizo tayari kukataa, neno linafutwa. Kwenye mkutano wa Belém, Brazil, Novemba 2025, nchi zaidi ya 80 ziliunga mkono ramani ya kuachana na nishati za kisukuku, na bado uamuzi wa mwisho haukuzitaja kabisa.

Afrika Mashariki hatuko pembeni. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 linatoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Anayeuliza kwa nini sisi tuache chetu ardhini, hali wengine walichoma karne mbili wakatajirika, anauliza swali la haki. Lakini tazama upande wa pili: Afrika ina asilimia 60 ya maeneo bora ya jua duniani na ina asilimia 1 tu ya mitambo ya jua iliyofungwa. Kenya, kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, inapata karibu asilimia 90 ya umeme wake bila kisukuku. Kinachotukwamisha ni mikopo, ambayo mradi wa umeme safi hapa huilipia riba mara mbili au tatu ya ile ya nchi tajiri. Haki tunayoidai iko kwenye riba hiyo. Umaskini wetu usiazimwe na mtu anayetafuta soko la miaka arobaini.

Mwaka 2027 mkutano huu utafanyika Addis Ababa. Wajumbe wetu wataonyeshwa mabanda ya kupendeza na mitambo ya kila namna, yote ikiitwa ya kijani. Kabla ya kutia saini wamuulize kila mwenye banda swali moja tu: mtambo wako utaacha lita ngapi ardhini? Aliye na jibu atalitoa kwa tarakimu. Atakayejibu kwa kueleza jinsi moshi utakavyokamatwa baadaye, wampe mizani, wamkumbushe kilo 2.3.