Gauni la Idi kutoka doti moja ya kanga: namna ya kulishona nyumbani bila kuharibu jina

Kumi la mwisho la mwezi wa Ramadhani likiingia, mafundi cherehani huelemewa na kazi. Sikukuu yenyewe haina tarehe ya hakika: usiku wa 29 ukifika, wote hungoja kusikia kama mwezi umeandama. Aliyechelewa kupeleka kitambaa hajui kama amebakiwa na siku moja au mbili, na fundi hana tena nafasi ya kumpa.

Kwa familia nyingi, kuanzia Mombasa na Zanzibar hadi Nyamirambo mjini Kigali na Buyenzi mjini Bujumbura, njia ya kujinusuru ni doti ya kanga na uzi wa rangi inayooana nayo. Lakini kanga si kitambaa cha kawaida kinachouzwa kwa mita. Ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu ya pindo la chini. Mkasi ukipita mahali pasipostahili, maneno hukatika au hugeuka miguu juu, na doti hiyo haina mbadala.

Nguo iliyozaliwa na sindano

Kuishona kanga nyumbani si jambo geni. Masimulizi ya pwani yanaeleza kwamba katika karne ya 19 wanawake walinunua leso zilizochapwa mfululizo katika jora moja, wakakata vipande viwili vya leso tatu tatu, kisha wakaviunganisha kupata vazi moja pana. Neno leso lenyewe lina asili ya Kireno, na hadi leo Mombasa watu huita kanga kwa jina hilo.

Baadaye wafanyabiashara walianza kuagiza kanga zilizokwisha kuchapwa kwa ukubwa kamili. Mashuhuri kati yao ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyejulikana kama Abdulla, ambaye biashara yake ilianza mwaka 1887 na ambaye hutajwa kuwa miongoni mwa waliotia maneno ya Kiswahili katika nguo hiyo.

Soma kabla ya kununua

Siku ya Idi nguo huonekana na mtaa mzima, tangu uwanja wa swala hadi nyumba za jamaa. Kwa hiyo jina huchaguliwa kwa makini. Kanga yenye dua, shukrani au maneno ya ukarimu humfaa kila mtu. Kanga yenye kijembe inaweza kumfanya wifi au jirani ajione kuwa ndiye aliyekusudiwa, hata kama mvaaji alipenda rangi tu.

Dukani, kunjua doti yote. Kanga nyingi zina upana wa karibu sentimita 150 na kimo cha karibu sentimita 110, lakini vipimo hutofautiana. Hakikisha pia kwamba chapa haikupinda. Pindo likienda upande, fuata mstari wa pindo unapopima, wala usitegemee ukingo wa kitambaa.

Fua kwanza

Kanga mpya huwa imekazwa kwa wanga, na pamba hunywea ikipata maji. Nguo iliyoshonwa kabla ya kufuliwa inaweza kubana au kufupika baada ya sikukuu. Iloweke kwa maji baridi peke yake, hasa ikiwa nyekundu au nyeusi, kisha ianike kivulini. Ipigwe pasi upande wa nyuma ikiwa na unyevu kidogo. Ikiwa ina nyuzi za poliesta, punguza moto wa pasi. Baada ya hapo ndipo upime.

Dera linalokatwa mahali pamoja tu

Mtindo unaomfaa zaidi mshonaji asiye na uzoefu ni dera. Kanga moja huwa mbele, ya pili huwa mgongo, na zote mbili husimama wima kama zinavyosomwa: pindo la juu mabegani, jina chini. Mwanamke wa kimo cha sentimita 160 atapata gauni linalofika katikati ya muundi, na upana wa sentimita 150 utampa mikono inayokaribia vifundo vya viganja.

Anza na kingo fupi nne, ambako kanga ilikatwa kutoka jora. Hizo huchambuka, hivyo zipinde mara mbili na kuzishona. Kingo ndefu zimefumwa kiwandani, nazo zinaweza kuachwa.

Zilaze kanga mbili zikitazamana kwa nyuso za nje. Shona juu kutoka kila upande kuelekea katikati, ukiacha wazi sentimita 20 kwa ajili ya shingo. Mshono uwe sentimita moja na nusu kutoka ukingoni.

Sasa fungua nguo na kuitandaza, uso wa nje ukiwa juu. Chukua kipande cha pamba nyepesi cha sentimita 40 kwa 40 kiwe bitana, ukiweke juu ya nafasi ya shingo na kukibana kwa pini. Chora shingo kwa chaki: upana sentimita 20, kina cha nyuma 3, kina cha mbele 12, na mpasuo mwembamba wa sentimita 10 kwenda kifuani. Pima kichwa kwa tepu kupitia kipaji cha uso. Mzunguko wa shingo pamoja na mpasuo lazima uzidi kipimo hicho.

Shona kwanza juu ya mstari wa chaki, kisha ndipo ukate ndani yake, ukiacha sentimita moja ya kitambaa, na nusu sentimita tu penye mpasuo. Kwa kushona kabla ya kukata, shingo haitanuki mikononi, na kosa la mstari linaweza kufumuliwa bila hasara. Tia vijikato vidogo kwenye mviringo bila kugusa mshono, geuza bitana ndani, piga pasi, kisha ipigie mshono wa juu.

Mwisho ni mbavu. Pima sehemu pana zaidi ya mwili, kwa kawaida nyonga. Ikiwa ni sentimita 104, ongeza 20 za kupumulia, upate 124. Gawanya kwa nne: kila mstari wa ubavu utakaa sentimita 31 kutoka katikati ya nguo. Anza kushona sentimita 28 chini ya bega, ukirudia mshono mara mbili mahali hapo kwa sababu ndipo mkono unapovuta. Komesha sentimita 25 kabla ya ukingo wa chini ili miguu ipate nafasi ya kutembea. Kitambaa kinachobaki nje ya mistari huning'inia kama mbawa, na ndicho kinacholipa dera sura yake.

Kwa anayetaka nguo ndefu

Makosa mengi hutokea pale mtu anapotaka gauni lifike kisiginoni, akailaza kanga ubavu ili atumie zile sentimita 150. Urefu hupatikana, lakini jina husimama wima kando ya mguu na hakuna anayeweza kulisoma.

Njia bora ni kushona kifua kwa kitambaa kisicho na maua, kwa kufuata kipimo cha blauzi inayokukaa vizuri, na kuzifanya kanga mbili kuwa sketi ya marinda. Zikiunganishwa ubavu kwa ubavu hutoa mzunguko wa karibu mita tatu, na jina husomeka mbele na nyuma. Kimo kikizidi, punguza juu kiunoni, kamwe si chini. Ukanda wa pindo uliokatwa juu unaweza kurembesha ncha za mikono.

Bila cherehani

Dera lililoelezwa hapa linaweza kushonwa kwa mkono. Piga bandi kwanza, jaribu nguo mwilini, halafu shona kwa kurudisha sindano nyuma katika kila hatua, hasa mabegani na mbavuni.

Kwa vyovyote vile, doti ifuliwe wiki moja kabla ya sikukuu, na nguo ijaribiwe siku tatu kabla. Kasoro ikionekana mapema, bado upo wasaa wa kufumua mshono, na usiku wa kuandama mwezi utabaki kwa ajili ya pasi na mapishi.