Porsche ya Zamani Ikipiga Moshi Asubuhi, Usiiache Bado!

Mmedunduliza pamoja, mmelinunua gari la ndoto, halafu asubuhi linafuka moshi kama jiko la kuni. Kabla hamjanuniana, na kabla hamjamruhusu fundi afungue injini, someni hapa kwanza.

Hebu vuta picha. Ni Jumapili, jua limetoka, mmependeza, mnakwenda kula chakula cha mchana na marafiki. Mwenzi wako anakaa kwenye usukani wa Porsche 911 ya mwaka 1983, lile gari mlilolibishania miezi kadhaa kabla hujakubali akiba yenu iguswe. Anawasha. Injini inaunguruma vizuri tu, lakini kwa nyuma linatoka wingu la moshi wa bluu, mpaka jirani anafunga dirisha lake.

Yeye kimya. Wewe kimya. Moyoni unajisemea, "Si nilisema mimi!"

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Ni kweli, ila kwa gari hili wahenga wangeomba dakika moja ya kusubiri. Moshi wa kuwashia unaweza kuwa tabia tu ya injini, au unaweza kuwa mwanzo wa gharama ya kulia machozi. Habari njema ni kwamba hata kama hujawahi kushika spana, unaweza kuanza kuona tofauti.

Injini iliyolala

Porsche 911 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1963, na ikaanza kutengenezwa mwaka uliofuata. Injini yake ya kwanza ilikuwa ya lita 2 yenye nguvu za farasi 130, na mhandisi Hans Mezger ndiye anayetajwa kama baba yake. Waliokulia Kenya hawahitaji kutambulishwa. Mwaka 1974 Björn Waldegård alishika nafasi ya pili kwenye Safari Rally akiwa na 911, na mwaka 1978 Vic Preston Jr. naye akamaliza wa pili kwa gari hilo hilo. Matope na vumbi lote lile, na injini ikaendelea kudunda.

Sasa siri ya moshi ni hii. Kwenye magari mengi pistoni zimesimama wima au zimeinama kidogo. Ukizima injini, oili inateremka yenyewe mpaka chini kwenye sampu. Kwenye 911 silinda zote 6 zimelala ubavu, 3 kushoto na 3 kulia. Oili iliyobaki ndani haina pa kuteremkia vizuri. Inatulia upande wa chini wa silinda, halafu taratibu inapenya kwenye ringi za pistoni na kuingia mahali mafuta yanapochomwa. Nyingine hupenya pembeni ya valvu.

Juu ya hapo, 911 hizi za zamani huweka oili kwenye tangi la pembeni, si chini ya injini. Gari likikaa wiki mbili bila kuwashwa, oili huvuja kidogo kidogo kutoka kwenye tangi hilo na kurudi ndani ya injini. Siku ukiwasha, ile iliyojipenyeza inaungua mara moja. Ndiyo huo moshi.

Ndiyo maana pia moshi hautoki kila siku. Inategemea pistoni zilisimama wapi, gari limekaa siku ngapi, na limeegeshwa vipi. Ukiliegesha mahali palipoinama ubavu, oili inalalia upande mmoja na kesho yake unapata wingu la nguvu.

Maswali manne ya kujiuliza

Moshi una rangi gani? Wa bluu au bluu-kijivu ni oili inayoungua. Mweusi maana yake petroli inaingia nyingi kuliko hewa. Mweupe mwepesi unaopotea haraka asubuhi ya baridi mara nyingi ni mvuke wa maji tu.

Unachukua muda gani? Ukikatika ndani ya dakika moja au mbili, na usirudi, punguza presha. Ukiendelea hata baada ya injini kupata moto, hapo kuna jambo.

Unatoka lini tena? Moshi wa bluu unaotoka ukikanyaga mafuta kupanda mlima huelekeza kwenye ringi. Unaotoka ukiachia mafuta kwenye mteremko, au unapoondoka baada ya kukaa kwenye foleni muda mrefu, huelekeza zaidi kwenye valvu na mirija inayoziongoza.

Oili inapungua kwa kasi gani? Moshi wa sekunde chache hauwezi kumaliza lita nzima. Kama kila safari unaongeza oili, usijidanganye.

Moshi wa kujitakia

Kosa moja hufanywa na watu wengi wenye nia njema. Unaamka asubuhi, unachomoa kijiti cha kupimia oili kama unavyofanya kwenye gari lako la kazini, unakuta kikavu. Unashtuka, unamimina lita nzima. Kumbe oili ipo, ila imeteremka ndani ya injini.

Kwenye 911 za kupozwa kwa hewa, oili hupimwa injini ikiwa imepata moto sawasawa, ikiwa inanguruma taratibu, na gari likiwa mahali tambarare. Ukipima ikiwa baridi utajaza kupita kiasi, na oili iliyozidi itasukumwa kwenye njia ya hewa na kuunguzwa. Hapo utaona moshi kweli kweli, na lawama zote ni zako.

Kama yenu ni ya maji

911 za kupozwa kwa hewa zilikoma mwaka 1998. Aina ya 996, iliyoanza mwaka 1997, pamoja na ndugu yake Boxster, hupozwa kwa maji, lakini silinda bado zimelala. Kwa hiyo kamoshi ka asubuhi bado kapo.

Ila kuna mawili ya kuangalia. La kwanza ni kifaa kinachotenganisha oili na hewa. Ndani yake kuna ngozi ya mpira, na ikichanika injini inaanza kunyonya oili yenyewe. Matokeo ni wingu zito jeupe linalofunika barabara na halikatiki. Zima gari, liite la kuvuta. Ukilazimisha kuendesha unaweza kuiua injini kwa sababu ya kifaa kimoja tu.

La pili ni kuta za silinda kuchubuka. Angalia bomba za egzosi. Moja ikiwa na masizi meusi mengi kuliko mwenzake, na injini ikigonga gonga taratibu, tafuta fundi anayeweza kuingiza kamera ndogo kwenye silinda na kuangalia. Hii ni pesa ndefu, ni bora uijue mapema.

Mnakwenda kununua?

Hapa ndipo wapenzi wengi wanapoingizwa mjini. Mwambie muuzaji kabla hamjafika: "Tafadhali usiwashe gari mpaka tufike." Mkifika, sogeza mkono karibu na injini. Ikiwa ya moto, ulizeni kwa nini. Muuzaji aliyelipasha gari moto kabla ya wageni huenda ameshauacha moshi uondoke ili msiuone. Yule anayewasha mbele yenu, moshi ukatoka, naye akasema "subirini kidogo", huyo angalau hajaficha kitu.

Gaweni kazi. Mmoja awashe, mwingine asimame kwa nyuma pembeni na simu yake, ahesabu muda na arekodi video. Na huyo wa nyuma awe yule asiyelitaka gari! Macho yake hayajalewa mapenzi. Kisha lipieni fundi wenu apime kompresheni na uvujaji wa kila silinda. Gharama ya vipimo hivyo ni ndogo sana ukilinganisha na kufungua injini nzima.

Kama mmeshanunua, wekeni daftari dogo ndani ya gari. Andikeni tarehe, limekaa siku ngapi, moshi ulichukua muda gani na mmeongeza oili kiasi gani. Baada ya miezi mitatu mtakuwa na ushahidi, badala ya "mimi naona umezidi" na "mimi naona kawaida". Fundi naye atawaheshimu, na haitakuwa rahisi kuwauzia ovahoo msiyoihitaji.

Tunza hivi

Usikanyage mafuta kwa fujo ili "kuusafisha" moshi wakati injini ni baridi. Acha itulie kidogo, kisha ondoka taratibu. Usiwashe dakika tano halafu ukazima, maana unyevu na petroli hubaki kwenye oili. Ni afadhali safari moja ndefu kila wiki, injini ipate moto sawasawa.

Na hili si la mjadala: usiwashe gari kwenye gereji iliyofungwa. Moshi wa bluu unauona na unakimbia. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na inaua. Fungua mlango kwanza, watoto wawe mbali, litoe gari nje.

Turudi kwenye ile Jumapili. Usiseme "si nilisema". Shuka, simama pembeni, angalia saa. Ukikatika kabla dakika mbili hazijaisha, panda, funga mkanda, twendeni zetu kula. Usipokatika, zima, mkodi teksi, na Jumatatu mpelekeeni fundi mliyoyaona. Vyovyote vile, chakula na marafiki kiko palepale.