Bia ya Kibelgiji, Hopsi za Kimarekani: Ulipie Ipi?

Ukilinganisha bei kwa chupa, Duvel Tripel Hop Citra itaonekana ghali na Taras Boulba ya Brussels itaonekana rahisi. Zote mbili hupatikana kwa sentilita 33, lakini ya kwanza ina kileo cha 9.5%, ya pili 4.5%. Piga hesabu: mililita 31 za kileo halisi kwa 15. Tripel Hop moja inaipita hata nusu lita ya bia ya kawaida ya 5%. Anayefungua chupa moja baada ya chakula na anayekaa na wenzake mpaka usiku hawatafuti kitu kimoja.

Bei hiyo ya Tripel Hop inatoka wapi? Ushuru wa bia Ubelgiji hufuata uzito wa maji ya kimea kabla hayajachacha, hivyo bia kali hutozwa zaidi. Halafu kuna hopsi. Duvel ya siku zote hutumia Saaz na Styrian Golding. Tripel Hop, iliyotoka kwanza mwaka 2007, huongezewa aina ya tatu. Hapa ni Citra, hopsi ya Marekani inayonukia balungi na embe. Hutiwa bia ikiwa imeshachacha, na hopsi hizo hunyonya bia ambayo hairudi tena. Hasara hiyo unailipa wewe.

Tatizo ni kwamba harufu yenyewe haikai. Chupa ikishinda miezi kwenye rafu yenye joto, inayobaki ni tripel chungu tu. Si mbaya, ila kwa pesa hizo ningechukua Westmalle Tripel, ambayo haikuniahidi balungi. Kwa hiyo soma tarehe kabla ya bei.

Bia nyingine ya aina hii, Houblon Chouffe ya 9%, huuzwa pia kwa sentilita 75. Usidhani chupa kubwa ni nafuu: tafuta bei ya lita. Tena hiyo ni ya watu wawili au watatu.

Nikiwa mbali na Ubelgiji, mimi ningenunua Orval, 6.2%. Nayo hutiwa hopsi ikiwa imeshachacha, tena tangu zamani, na chachu yake ya Brettanomyces huendelea kufanya kazi chupani: hopsi zikififia, ladha nyingine huchukua nafasi. Lebo huonyesha siku iliyojazwa.

Ukinunua Ubelgiji kwenyewe, uliza kama amana ya chupa imo kwenye bei ya rafu. Mara nyingi haimo, na utarudishiwa ukipeleka chupa tupu.