Nani Alimtuma Mganga kwa Kalunga?

Tangu ilipotoka Aprili 2024, gemu ya Tales of Kenzera: ZAU imekuwa ikielezwa kuwa hadithi ya Kibantu. Mbunifu wake ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeitunga baada ya kufiwa na baba yake. Kijana mganga aitwaye Zau anaagana na Kalunga, bwana wa mauti: amletee mizimu mikuu mitatu, naye arudishiwe baba. Jicho la mchezaji hukimbilia mizimu hiyo, kwa kuwa ndiyo inayotisha na kupendeza. Lakini anayetafuta asili ya gemu hii aanzie kwenye lile ombi la kurudishiwa marehemu, maana hapo ndipo mzizi ulipo.

Tukishika mizimu peke yake, wakosoaji watatushinda mapema. Impundulu ni ndege wa radi wa Wazulu na Waxhosa, kwa hiyo huyo ni wa Kibantu bila ubishi. GaGorib, hata hivyo, anatoka kwa Wakhoikhoi, ambao lugha yao si ya Kibantu hata kidogo. Kwao ni jitu linaloketi ukingoni mwa shimo na kuwachokoza wapita njia walirushie mawe. Jiwe humrudia aliyelirusha, naye hutumbukia shimoni. Kikiyaon naye ni wa simulizi za Afrika Magharibi. Isitoshe, jina lenyewe Bantu lilienezwa na mwanaisimu Wilhelm Bleek katika kitabu chake cha 1862, kwa ajili ya kupanga lugha, si miungu. Hoja hiyo naikubali. Jina limepanuliwa kupita kiasi, na Wakhoikhoi wanastahili kutajwa kwa jina lao.

Sasa tuutazame mzizi. Mwaka 1894 Heli Chatelain, mmisionari Mswisi, alichapisha hadithi za watu wa Angola, na mojawapo inamhusu mfalme Kitamba aliyefiwa na mkewe, Muhongo. Kwa uchungu akapiga marufuku kila kitu: vijana wasipige kelele, wanawake wasitwange. Wazee wakamwendea mganga. Akachimba kaburi mekoni, akaingia na mwanawe, akamwagiza mkewe amwagie maji mahali pale kila siku. Huko chini akamkuta Muhongo anashona kikapu, akamweleza shida iliyomleta. Muhongo akamwonyesha Kalunga-ngombe, bwana wa mahali pale, akamwambia kwamba aliyefika huko harudi. Kisha akavua bangili aliyozikwa nayo, akampa ampelekee mfalme iwe ushahidi. Kitamba alipoiona, matanga yakaisha na kijiji kikaanza tena kula na kutwanga.

Mfiwa, mganga, safari, na Kalunga mwenye neno la mwisho: mifupa ya gemu yote imo humo. Wapo watakaosema kwamba kalunga kwa Wakongo si mtu, ni maji yanayotenga walio hai na wafu, na kwamba studio imempa sura kwa kupenda tamthilia. Ni kweli kwa Wakongo. Kwa Wambundu wa hadithi ile, Kalunga-ngombe ni mtu kamili anayeoneshwa kwa kidole. Na hata imani ya Kikongo haikuachwa nje, kwa jinsi ninavyoisoma gemu: kwao jua likizama huku huwaangazia wafu kule, na Zau hutembea na vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, akibadilisha kimoja kwa kingine. Kazi yake nayo ina jina la kale. Mganga wetu ni nganga kwa Kikongo, n'anga kwa Kishona, inyanga kwa Kizulu.

Kilichogeuzwa ni kimoja, na ndicho kinachonigusa zaidi. Kitamba alikuwa na mtu wa kumtuma. Zau ni mfiwa na mganga kwa pamoja, amejituma mwenyewe kwa Kalunga, na hakuna mzee aliyemwagiza wala anayemngoja. Mwisho wa safari yake siufichui. Ila nje ya hadithi hiyo, ndani ya gemu ileile, yupo kijana mwingine, Zuberi, aliyefiwa na baba na kuachiwa kitabu ambacho baba alikiandika kwa ajili yake. Kisa cha Zau ndicho kilichomo kitabuni. Zuberi anakifungua, na bangili ya Muhongo inakuwa imefika.